Umekuja kupima ardhi au udongo?

SWALI: Ninasomea kilimo na sayansi ya udongo Morogoro, mwaka wa tatu. Likizo iliyopita nilikwenda Hombolo, Dodoma, kuchukua sampuli. Nikamwambia mzee mwenye shamba, "Shikamoo babu, nimekuja kupima ardhi." Akaitikia marahaba, kisha akauliza nimetumwa na nani na viwanja vinagawiwa lini. Nilikosea wapi? Halafu akanieleza, "Huku juu ni kichanga, kule chini ni mbuga." Mbuga si ya wanyama?

JIBU: Mzee alikusikia sawasawa, binti yangu. Wewe ndiye uliyesema usichokusudia. Kupima ardhi ni kazi ya watu wa kamba na vigingi, na Dodoma ya leo, mji unavyotambaa kuelekea mashambani, hakuna neno linalomwamsha mwenye shamba haraka kama hilo. Ardhi ina mipaka, ina hati, inarithiwa na kugombaniwa. Ndiyo inayotungiwa sheria, kama zile mbili za mwaka 1999, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji. Udongo unashikika. Unautia mfukoni, unaupeleka maabara. Hakuna aliyewahi kumiliki ekari tatu za udongo.

Ila mpaka huo una matundu. "Ardhi yenye rutuba" na "udongo wenye rutuba" vyote ni Kiswahili safi. Ule mradi ulioanza mwaka 1973 kupambana na makorongo ya Kondoa uliitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kwa kifupi, na waliouita hivyo hawakukosea: walishughulikia miti, malisho na maji pia, hata mwaka 1979 mifugo ikahamishwa kutoka sehemu zilizomomonyoka. Kwenye mmomonyoko wenyewe, hata hivyo, mimi naandika "mmomonyoko wa udongo". Kinachosombwa na maji ni udongo. Ardhi inabaki palepale, imejaa makorongo, na hati yake bado iko sandukuni. Wanaosema "mmomonyoko wa ardhi" ni wengi na sitawakimbiza.

Sasa mbuga. Hapo mzee amekuzidi, tena kwenye somo lako. Kabla ya kuwa makao ya tembo na watalii, mbuga ni uwanda wa wazi wenye nyasi, na katikati ya nchi yetu neno limeshuka mpaka kwenye udongo wa mabondeni: mweusi, mzito, unaopasuka nyufa kiangazi na kung'ang'ania jembe masika. Darasani bila shaka mnauita vatisoli. Wataalamu wenyewe waliliazima neno la wenyeji. Geoffrey Milne, aliyeueleza katika miaka ya 1930 mfuatano wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni hapa Afrika Mashariki, aliuita mfuatano huo catena, yaani mnyororo kwa Kilatini, na mbuga ndiyo pingili yake ya chini. "Huku juu, kule chini": mzee alikusomea mnyororo mzima kwa sentensi moja.

Kichanga cha huko juu kinatokana na mchanga, wala hakihusiani na kile kichanga kinachonyonya, ambacho ni cha -changa, isiyokomaa. Ukilowesha udongo wa kichanga na kuusokota viganjani, unamong'onyoka. Wa mbugani utausokota mpaka uwe kamba.

Na kwa kuwa unaandika ripoti: udongo hauna wingi wa kawaida. Sema "aina za udongo". Ukiandika "madongo matatu ya Hombolo", msomaji atadhani kuna watu huko wanarushiana vijembe.

Safari nyingine mwambie babu, "Naomba udongo kidogo wa shambani kwako nikaupime maabara." Hilo neno maabara usilisahau. Mgeni anayechota udongo wa shamba la mtu, akaufunga kwenye mfuko na kuondoka nao bila maelezo, anaweza kuulizwa maswali magumu kuliko ya viwanja.