"Mama, wewe ulijibu nini?"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtoto apewe simu yake mwenyewe akiwa na umri gani?" Nimelisoma swali mara tatu na kila mara moyo unanienda mbio. Si kwamba ni swali baya. Ni kwamba ndilo pekee tunaloulizana sisi wazazi, pamoja na ndugu yake, "saa ngapi kwa siku?" Mimi nitajibu lile ambalo hamkuuliza: siku jambo baya litakapomkuta mwanao mtandaoni, atakuja kukwambia? Swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa na mtafiti, ana kwa ana, nikalijibu bila kusita. Nilikosea.

Walikuja nyumbani kwetu wadadisi wawili, dada na kaka, wa utafiti kuhusu watoto na intaneti. Mzazi anatia saini fomu ya ridhaa, kisha mtoto naye anaulizwa kama yuko tayari, na akikataa, saini ya mzazi haimlazimishi. Halafu mnatenganishwa. Mimi nilihojiwa sebuleni, mwanangu wa miaka 13 akahojiwa barazani, mbali na masikio yangu. Sikujua kwamba baadhi ya maswali yalikuwa yale yale.

Dada akanisomea: katika miezi 12 iliyopita, kuna jambo lolote mtandaoni lililomsumbua au kumuudhi mtoto wako? Nikasema hakuna. Akatia alama. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata simu yenyewe ninayo mimi, nimeifungia kabatini tangu wiki iliyopita kwa sababu alikuwa halali usiku. Nilisema kwa fahari kabisa. Nilitamani aliandike hilo mahali.

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo. Mimi naosha, yeye anafuta. Akaniuliza, "Mama, wewe ulijibu nini?"

"Kwenye lipi?"

"Lile la jambo lililonisumbua."

"Nilisema hakuna."

Akaendelea kufuta sahani aliyoishika. Ilikuwa imekauka zamani, lakini kitambaa kilizunguka tu, kinazunguka, hata mimi nikaacha kuosha. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilisema lipo."

Ilinichukua mpaka karibu usiku wa manane kulipata lote. Kulikuwa na mtu aliyekutana naye ndani ya gemu la mtandaoni, akijidai ni kijana wa miaka 14. Walicheza pamoja majuma kadhaa. Yule mtu akamwambia wahamie kwenye programu nyingine ya kuchati, "kule kuna utulivu". Akaomba picha, mwanangu akamtumia ya kawaida kabisa, amevaa fulana, anatabasamu. Siku mbili baadaye ikarudi sura ile ile imebandikwa juu ya mwili usio wake, mwili wa aibu, pamoja na orodha ya majina ya wanafunzi wenzake. Atume namba za kadi ya zawadi, la sivyo picha itawafikia wote.

Hizo ndizo zilikuwa zile nyakati za kutolala. Mimi niliona simu chini ya mto saa nane za usiku nikasema huu ni uraibu. Nikaichukua. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo: nilipoichukua, vitisho havikukoma, ila yeye hakuweza tena kuviona. Siku nane alikwenda shule bila kujua kama picha imeshasambazwa au bado. Akiingia darasani na watu wakicheka, anadhani ni yeye. Tulipoifungua simu pamoja usiku ule tulikuta ujumbe 43. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeichukua simu." Nikamjibu kwamba simu nilishaichukua. Akasema, "Ndiyo. Na ulikuwa hujajua bado."

Nilidhani mimi ni mzazi wa ajabu, mpaka nilipoanza kusoma tafiti zenyewe. Mradi wa EU Kids Online, mwaka 2010, uliwahoji zaidi ya watoto 25,000 wa miaka 9 hadi 16 katika nchi 25 za Ulaya, na kwa kila mtoto mzazi mmoja. Miongoni mwa watoto waliosema wametumiwa ujumbe wa kuumiza mtandaoni, asilimia 56 ya wazazi wao walisema jambo hilo halijamtokea mtoto wao. Kwa watoto waliokwenda kukutana uso kwa uso na mtu waliyemjulia mtandaoni, wazazi waliosema halijatokea walikuwa asilimia 61. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walijibu kama mimi, kwa kuamini.

Utafiti ule ule ulionesha kwamba watoto waliosema wamesumbuliwa na jambo la mtandaoni walikuwa asilimia 12 tu, ingawa waliokutana na hatari za namna moja au nyingine walikuwa wengi zaidi. Watafiti hutofautisha hatari na madhara. Kukutana na jambo si lazima kuumizwa nalo, na mtoto anayetumia mtandao zaidi hukutana na mabaya zaidi na pia hujifunza mengi zaidi, hata kujilinda. Ndiyo maana sipendi hesabu ya saa. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Wapo wanaowapinga, na wana hoja: wastani wa umati mkubwa unaweza kuwafunika wachache wanaoumia sana. Mwanangu angekuwa nukta moja ndani ya wastani ule. Lakini saa nazo zisingemwonesha. Katika majuma yale mabaya pengine alikuwa mtandaoni kwa muda mfupi kuliko kawaida yake, kwa sababu gemu lenyewe alishaliacha.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kusema kwamba umri hauna maana. Nilitaka niitaje Australia, ambayo tangu tarehe 10 Desemba 2025 inayataka makampuni ya mitandao ya kijamii yawazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, halafu niseme kwamba mtoto aliyeingia kwa kudanganya umri atanyamaza mara mbili: mara moja kwa aibu, mara ya pili kwa kuwa hakutakiwa kuwapo. Hilo bado naliamini.

Ila kuna jambo nimekuwa nikilikwepa tangu aya ya kwanza. Mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti ya gemu niliuandika mimi. Alikuwa na miaka 12. Akaunti ya mtoto haikumruhusu kuzungumza na wachezaji wengine, akalalamika siku nzima, nami nikiwa na kazi zangu nikaketi, nikafungua akaunti mpya, nikamfanya mtu wa miaka 20. Sekunde chache tu. Kwa mashine ile alikuwa mtu mzima, na watu wazima hawafungiwi mlango. Mpaka wa miaka 13 ambao huduma nyingi huutumia unatokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayohusu taarifa binafsi za watoto. Haukupimwa na madaktari wala wanasaikolojia, nami nilijiambia kwamba mpaka wa namna hiyo unarukika. Pengine. Lakini kinga iliyokuwapo nyuma yake niliiondoa kwa mkono wangu, nikamlaumu mtoto kwa usingizi.

Basi siwezi tena kuwaandikia kwamba umri si kitu. Jibu langu ni miaka 14 kwa simu yake mwenyewe. Sina utafiti wa kuitetea 14 dhidi ya 13 au 15. Ni jibu la mtoto mmoja, na mtoto wa jirani anaweza kuhitaji simu mapema kwa usalama wake. Nawaomba pia msilichapishe kama kanuni. Usiku simu ilale sebuleni, ya mama pia. Na ahadi hii itangulie kabla boksi halijafunguliwa: ukija kuniambia, simu haitachukuliwa kwa sababu ya ulichoniambia.

Kwa aliye ndani ya jambo hilo usiku huu: hatukulipa, hatukujibu, wala hatukufuta chochote. Tulihifadhi picha za skrini, tukatoa taarifa, ndipo tukamzuia yule mtu. Mwalimu tulimweleza sisi kabla hajasikia kwa wengine. Kwa picha za aibu za walio chini ya miaka 18 ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani cha National Center for Missing & Exploited Children. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, kama alama ya kidole, ukiwa kwenye simu yako mwenyewe, na makampuni yaliyojiunga nayo hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Picha yenyewe haitumwi popote.

Mdogo wake ana miaka 11. Jana ameniuliza tena kuhusu akaunti ya gemu. Nimemwambia tutaijaza Jumapili, mimi nimekaa pembeni, na mwaka wa kuzaliwa ataandika yeye.