Mbao, joto na jengo lako la biashara

Najenga hoteli ya vyumba 12 Njombe. Fundi anataka nguzo za chuma, mimi nataka mbao. Kwa baridi ile nani yuko sahihi?

Wewe. Chuma hupitisha joto karibu mara 400 kuliko paini. Hata ukijaza pamba ya kuzuia joto ukutani, kila nguzo ya chuma inayotoka nje hadi ndani ni mfereji: joto la chumba linavujia hapo usiku kucha, na asubuhi mstari wa unyevu unajichora ukutani kufuata nguzo ilipo. Jaribu mwenyewe mwezi wa 7, saa 12 asubuhi. Shika ubao wa mlango, kisha kitasa. Vyote vimelala kwenye baridi ileile, ila kitasa ndicho kinachouma mkono, maana kinanyonya joto lako upesi.

Ukuta wa mbao si mwembamba mno?

Sentimita 10 za paini huzuia joto kama zege la unene wa zaidi ya mita 1. Shida ni nyufa. Mbao mbichi zikikaukia ukutani huachana, upepo ukapita katikati, na hapo umepoteza kila kitu. Nunua zilizokaushwa, ziba maungio. Nakusihi sana katika hili.

Na ofisi Dar es Salaam?

Anza na paa na vioo. Chini ya bati tupu hakuna ukuta utakaokuokoa. Ukishaweka dari yenye pamba na vivuli madirishani, ndipo mbao zinasaidia. Kwa ujazo uleule, zege hubeba joto zaidi ya mara 2 ya mbao, na usiku wa Dar haupoi vya kutosha kulimaliza. Kiyoyozi cha asubuhi kinaanza kwa kupoza kuta za jana.

Benki inasema mbao ni za vibanda, na zitaungua.

Waonyeshe Mjøstårnet ya Norwe: ghorofa 18, mita 85, ina ofisi na hoteli, imesimama kwa mbao tangu 2019. Kuhusu moto, nguzo nene huungua nje, na makaa yake yanaukinga moyo wa mti kwa kuwa joto halipiti haraka. Moto hula chini ya milimita 1 kwa dakika. Kenchi nyembamba za paa hazina kinga hiyo. Zifunike kwa jipsamu.