Risasi iache, na mlango wa dema ufunge kwa katani

Mkuu, umesema una betri kuukuu la gari, unataka kuyeyusha risasi yake jikoni upate chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, halafu usuke dema la waya, ule mtego wa samaki ulio kama kapu, na umeuliza kama bahari itadhurika. Nianze na risasi, maana ndiyo imenitisha. Usiyeyushe kabisa. Moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Uingereza walipiga marufuku uuzaji wa chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu bata-maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Mimi navua huku Tanga kwa mshipi na madema, mwaka wa 15 sasa. Chubwi zangu ni vipande vya nondo, au mawe laini ya mviringo. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kipande kiwe kikubwa karibu mara moja na nusu ndipo uzito ulingane. Jiwe nalifunga kwa uzi mwembamba wa pamba, dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa mwambani navuta, uzi unakatika, jiwe linabaki chini na mshipi wangu wote narudi nao. Nailoni ikibaki kule inanasa hadi kasa.

Ndoana nunua, ila chagua za chuma kinachoshika kutu. Samaki akiondoka nayo mdomoni, kutu itaila.

Sasa dema. La kwanza nilisuka kwa waya, mlango nikaufunga kwa waya pia, nikajiona fundi. Upepo wa kusi ukavuma, chelezo, yaani boya la kulionyesha lilipo, kikakatika, dema likapotea. Baada ya miezi miwili hivi, wazamiaji wa pweza wakalikuta. Ndani mlikuwa na mifupa, pono wawili wanakufa, na tasi mzima aliyeingia kuwafuata wenzake. Lilikuwa linavua bila mtu, na samaki hao hakuna aliyewala. Niliumia sana siku ile, na bado naumia nikikumbuka.

Tangu hapo nasuka kwa fito za mianzi, matundu ya pembe sita, na mdomo unaozama ndani ukizidi kuwa mwembamba ili aliyeingia asipate njia ya kurudi. Fito za mikoko usiguse, ndiko wanakokulia samaki wadogo. Kwenye kona mbili za nyuma naacha upenyo wima, upana sentimita 4, urefu 30. Vitatange na watoto wa tasi, ambao ni wembamba ubavuni, wanatoka wenyewe. Mwanzoni wenzangu walisema natoa mboga ya watoto wangu. Waliobaki ndani ni wakubwa, na sokoni wana bei.

Lakini kitu cha maana kuliko vyote ni mlango, ule wa kutolea samaki. Ufunge kwa uzi wa katani usiopakwa chochote. Nilijaribu kwanza kwa kufunga vipande kwenye nguzo inayofunikwa na maji, nikawa navivuta kila wiki. Vya unene wa njiti ya kiberiti vilikatika kati ya wiki ya 5 na ya 7. Dema likipotea, uzi unaoza na mlango unafunguka wenyewe. La kwangu lisipopotea, uzi naubadilisha kila bamvua (maji makuu) la pili, yaani kama kila wiki 4, hata kama bado unaonekana mzima.