Mgonjwa akipungua uzito, usiharakishe kumvua CPAP

Ukianza kazi kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito, utakutana na mgonjwa aliye mwezi wa tatu baada ya upasuaji anayekwambia, "Sikoromi tena, mashine nimeiweka kabatini." Mwambie aitoe. Hiyo ndiyo CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya hewa isizibe usingizini. Mkoromo unaweza kutulia huku pumzi ikiendelea kukatika usingizini, na aliyelala naye hawezi kuhesabu.

Kipimo cha usingizi ndicho kinachohesabu. Kukatika mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 wa kati, 30 kwenda juu ni mkali. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliojumlisha tafiti 12 ulikuta wastani ukishuka kutoka karibu 55 hadi karibu 16 baada ya upasuaji. Ni nafuu kubwa, ila hiyo 16 bado ni ugonjwa wa kati. Mafuta ya shingoni na kwenye ulimi huyeyuka. Taya fupi na umri vinabaki palepale.

Siku ya upasuaji mgonjwa aje na mashine na barakoa yake mwenyewe, maana ya wodini mara nyingi haimkai. Usiku wa kwanza inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, na punguza mofini kadiri dawa nyingine za maumivu zinavyoruhusu. Wageni wengi wa kazi hii hunaswa na oksijeni: ukimwekea hiyo tu bila CPAP, namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni inapendeza huku pumzi zikikatika na kabonidioksidi ikipanda. Kwa hiyo hesabu pumzi kwa macho. Hofu ya kwamba hewa ya CPAP hufumua mshono wa tumbo haijaungwa mkono na tafiti, basi usimnyime.

Miezi inayofuata, tatizo huwa barakoa. Uso unakonda, hewa inavuja, mgonjwa anakaza mikanda mpaka pua inachubuka. Mpe saizi ndogo. Akilalamika tumbo kujaa hewa na kubeua asubuhi, presha ya hewa ya mashine iliyopangwa zamani imeshamzidi. Ishushwe, au atumie mashine inayojirekebisha.

Rudia kipimo uzito ukishatulia, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12. Dereva wa lori anayesinzia mchana asisubiri tarehe hiyo, apimwe mapema. Na aliyekwisha kuruhusiwa kuacha mashine, kilo zikirudi, arudi maabara ya usingizi hata kama hajaanza kukoroma.