P0171: pima kwanza kabla hujanunua sensa ya oksijeni

Mkuu, umesema taa ya injini imewaka, mashine ya kusoma makosa ya injini imetoa kodi (namba ya kosa) P0171 na fundi anataka mbadilishe sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Nami nilipita hapo hapo. Nikafunga sensa mpya, kodi ikafutwa, siku tatu taa hiyooo, na kodi ni ileile.

P0171 ni kompyuta inasema hewa imezidi mafuta. Habari hiyo imeletwa na sensa, sasa mleta habari anageukaje kuwa mgonjwa? Kwangu gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) ilikuwa imepasuka, kabla ya kufika kwenye sensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje huvutwa ndani. Sensa inaiona oksijeni hiyo, kompyuta inamwaga mafuta zaidi. Nilikuja kuinasa asubuhi, injini ikiwa baridi: mlio wa tik-tik-tik uliopungua kadiri chuma kilivyopata moto.

Kwa hiyo washa gari ipate moto sawasawa (sensa haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi 300 za Selsiasi), kisha tazama volti zake kwenye mashine. Sensa nzima ya kizamani hucheza kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiwa imeganda chini, usiihukumu bado. Ingiza gesi kidogo ya kupikia kwenye njia ya hewa, mbali na ekzosi ya moto tafadhali. Volti zikiruka juu papo hapo, sensa ni nzima. Tafuta hewa inakoingilia, na mipira ya vakyumu (vibomba vya mpira vya njia ya hewa ya injini) usiisahau. Zikipanda kwa kujivuta au zisipopanda kabisa, hapo fundi wako ana hoja.

Angalizo: magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, haichezi hivyo. Usiipime kwa vipimo hivi.

Ingekuwa P0135 ningekwambia mambo mengine kabisa, maana hiyo ni hita ya ndani ya sensa. Unaangalia fyuzi, unachomoa soketi, unapima omu (ukinzani wa umeme) za hita kwa multimita. Ukikuta waya umekatika ndani, nunua tu.

Ukifika kuifungua, mwagia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Yangu ya kwanza ilitoka na nyuzi (mikato ya skrubu) za tundu lake.