Usiupige simiti ukuta wa bibi yako

Nyumba ya bibi yangu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na ukuta wake wa mbele ndo ulonifunza haya, tena ulinifunza kwa pesa zangu mwenyewe. Plasta ilikuwa imeanza kupukutika pale chini karibu na baraza, mawe yaonekana, watoto wanachokora na vidole, nikaona aibu. Nikaita fundi kijana, nikanunua simiti, siku tatu ukuta ushakuwa laini kama sahani, juu nikapiga rangi ya plastiki. Majirani wakasifu sana.

Masika ya pili ilipopita plasta ikaanza kufura. Ukigonga yalia kama debe tupu. Siku moja likaanguka bamba zima, na kilonitisha si plasta, ni kuwa ilishuka na uso wa jiwe umeshikamana nayo.

Alonieleza ni mzee mmoja fundi wa chokaa. Aliupapasa ukuta, akalamba kidole, akacheka. "Mwanangu, hii chumvi. Jiwe hili lapumua, nawe umeliziba pua."

Manake ni hivi. Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za matumbawe, yale mawe ya baharini, na tumbawe lina vitundu tele. Maji yapanda kutoka chini, mengine yaingia na mvua, na ukuta wa chokaa unayanywa kisha unayatoa nje taratibu jua likipiga. Simiti haiyapitishi vile, kwa hivyo yanabaki nyuma yake, yakikauka chumvi inaganda ndani ya vile vitundu na kulisukuma jiwe mpaka linamung'unyika. Halafu simiti ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe, ukuta ukicheza kidogo tu kinachovunjika ni jiwe. Wareno waliojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 walitumia matumbawe na chokaa, na ngome ile hiyo, yatazama bahari mpaka leo.

Sasa ushauri wangu wa kwanza hauhusu plasta hata kidogo. Tafuta maji yatoka wapi. Mimi nilikuwa nalaumu ukuta kumbe mlizamu wa paa umevunjika, na juu yake bomba la AC ya mpangaji linatona ukutani mchana kutwa, na kile kichochoro kilipomwagwa zege kiliinamishwa kwetu. Usipoziba hayo hata upige chokaa ya dhahabu ni kazi bure. Ukiona kimti kimeota kwenye ufa nacho usikivute, utatoka na mawe, kikate taratibu na mizizi yake, ufa ukaujaze chokaa.

Kisha ngoja. Hapa ndo watu wanashindwa. Niliuacha ukuta uchi kiangazi kizima ukauke, shangazi zangu wananisema kila wakija, nami kazi yangu kuswaki chumvi kwa brashi kavu, bila maji, manake ukiiosha yarudi ndani. Ukuta ukikauka ndo upige plasta ya chokaa. Chokaa yenyewe iwe imechomwa, ikazimwa na maji, ikalowekwa muda mrefu, mzee wangu hakutaka kusikia habari ya wiki, alitaka miezi. Chunga macho, inaunguza kweli. Mchanga usiuchote pwani, wa pwani una chumvi ileile unayoikimbia. Tulichanganya chokaa moja kwa mchanga tatu, ukuta ukanyunyizwa maji kwanza, tukapiga tabaka nyembamba moja moja kama sentimita moja hivi, kila moja tukiifunika magunia maji maji isikauke haraka, kwa sababu chokaa inakazwa na hewa polepole, jua kali likiiwahi inapasuka. Juu yake paka chokaa pia, ile plastiki achana nayo.

Na kabla hujaleta mafundi pitia kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, wana ofisi ya uhifadhi hapa hapa Mji wa Kale, eneo letu linalindwa kisheria, bora uulize mapema kuliko kusimamishwa kazi katikati.

Orofani kwetu simiti bado ipo. Nilitaka kuing'oa yote, mzee akanikataza, palipong'ang'ania ukipiga tindo utaondoka na jiwe, ngoja iachie yenyewe. Kwa hivyo kila masika ikiisha napanda ngazi nagonga, palipoanza kulia naweka alama ya mkaa. Mwaka huu alama ziko nne.