Kwa mwalimu aliyekabidhiwa darasa la marudio

Mwalimu mwenzangu, ukipewa kidato cha nne katikati ya mwaka na ukaambiwa uwasaidie kudurusu Kiswahili, utapokea pia furushi la mitihani ya majaribio ya kaunti mbalimbali. Usiwarundikie siku hiyo hiyo. Maswali wameshafanya mengi mno. Tatizo ni kwamba wanajibu bila kurudi kwenye kifungu, na hilo halitibiwi kwa kuwaongezea maswali.

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Kenya, ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii (lugha inavyotumika katika jamii) 10. Walimu wengi hukimbilia zile 40, wakiamini ufahamu hauna la kufundishwa, kwani kifungu si kipo mbele ya mwanafunzi? Mimi naanzia hapo hapo. Mwanafunzi asiyejua kusoma kifungu ataangushwa hata na shairi katika karatasi ya tatu, ile ya fasihi.

Tunga vifungu vyako mwenyewe, vifupi, ambavyo hawajaviona popote. Huu ni mfano ninaoutumia:

“Bahari imekauka, baba,” kijana alisema. Mzee hakumjibu. Alizikunja nyavu, akazitia guniani, akamwita jirani. “Nipe chochote ulicho nacho,” alimwambia. Usiku ule ngalawa ililala mchangani, na kesho yake pia.

Waulize: thibitisha kwamba mzee alikuwa amekata tamaa na uvuvi. Wengi wataandika “alikuwa maskini”, jambo ambalo halikuulizwa. Wengine watanakili sentensi tatu nzima wakitumaini jibu limo ndani. Wachache ndio watakaosema kwamba aliziuza nyavu bila kujali bei, kisha akaacha kwenda baharini. Sasa waonyeshe kwamba kifungu hakikutaja kuuza hata mara moja. Tumeyajua hayo kutokana na gunia, jirani na maneno ya mzee. Kazi hii ya kuunganisha vidokezo huwatoa jasho, kwa hiyo irudie kila wiki kwa kifungu kipya.

Kisha waulize maana ya “imekauka” kama ilivyotumika. Atakayesema “haina maji” amejibu kutoka kichwani. Hapa bahari haina samaki. Wazoeze pia kufasiri kitenzi kwa kitenzi na nomino kwa nomino. Na usisahau hijai (uendelezaji wa maneno) na sarufi: mwanafunzi anaweza kupata hoja zote halafu akakatwa nusu nusu alama kwa “amtaki” badala ya “hamtaki”.

Ufupisho sitausemea sana. Wafundishe kuorodhesha hoja kwenye nafasi ya matayarisho, waondoe mifano na marudio, ndipo waandike nakala safi yenye mtiririko. Anayeandika kwanza na kuhesabu maneno baadaye huishia kukata hoja badala ya mapambo.

Sasa fasihi. Utakuta miongozo ya vitabu teule, vile vilivyowekwa kutahiniwa, imezagaa madawatini kuliko vitabu vyenyewe. Sijawahi kuipiga marufuku, maana wataificha tu. Dawa yangu ni kuuliza mambo ambayo mwongozo haujishughulishi nayo: wakati anasema maneno haya, mhusika alikuwa ameshika nini? Nani mwingine alikuwepo akanyamaza? Baada ya wiki mbili hivi utaona riwaya zinaanza kufunguliwa.

Swali la dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, linapotaka muktadha, mara nyingi kwa alama 4, mwanafunzi ataje msemaji, anayeambiwa, mahali, na sababu ya maneno hayo kusemwa. Sababu ndiyo huwashinda, kwa kuwa inadai kujua kilichotokea kabla. Katika sifa za wahusika, usikubali neno moja. “Ni katili” bila tukio la kuthibitisha ni tuhuma tu.

Ushairi ndio unaoogopwa kuliko yote, na hofu hiyo nadhani tunaipanda sisi walimu kwa kuanza na istilahi. Anza na maana: nani analalamika, na analalamikia nini? Ubeti huu niliutunga kwa ajili ya darasa:

Nimekesha ufuoni, nikiungoja msimu,
Mawimbi hayanioni, wala hayana fahamu,
Nyavu zangu mchangani, zalala zanilaumu,
Metoweka baharini, samaki wangu adhimu.

Wakishajua kwamba nafsineni, yaani anayesema katika shairi, ni mvuvi aliyekosa riziki, ndipo mhesabu. Mishororo (mistari) minne, kwa hiyo ni tarbia. Vina ni -ni ukwapini (nusu ya kwanza ya mshororo) na -mu utaoni (nusu ya pili), mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Watakwama kwenye “msimu”: ile m inasimama peke yake, nayo ni mizani kamili, ilhali “nga” katika “mchangani” ni mizani moja tu ijapokuwa ina herufi tatu. Waache wapige meza kwa kidole. Darasa litapata kelele kidogo, mkuu wa shule atazoea.

Kwa uhuru wa mshairi, wasitosheke na kutaja “inkisari”, yaani kufupisha neno. Waseme “metoweka” imetumika badala ya “wametoweka” kwa sababu umbo kamili lingeleta mizani tisa. Katika mshororo huo huo kitenzi kimetangulia nomino, yaani kuboronga sarufi, na hilo limekiweka kina cha -mu mahali pake. Swali la kuandika ubeti kwa lugha nathari, yaani lugha ya kawaida, likija, samaki warudi mwanzoni mwa sentensi: samaki wangu wa thamani wametoweka baharini. Wengi huondoa koma tu na kuacha shairi lilivyo.

Jambo la mwisho ni uchaguzi wa maswali, ambao tunaupuuza. Karatasi ya tatu ina swali moja la lazima, kisha mwanafunzi huchagua mengine matatu, kila moja alama 20, bila kujibu mawili kutoka sehemu moja. Wape karatasi nzima, dakika kumi, bila kuandika jibu lolote: wachague maswali tu na waeleze kwa nini. Utashangaa wangapi huchagua swali kwa kuwa ni fupi, wakati hoja walizonazo hazifiki hata tano.